Mpira wa mkojo kwa mzee aliyevunjika nyonga: kuuweka kwa sababu, kuutunza, na kuutoa mapema

Mpira wa mkojo ni bomba jembamba linaloingizwa kibofuni ili mkojo uteremke kwenye mfuko. Maswali juu yake ni yale yale kila zamu. Mpira utolewe lini? Mkojo unanuka, aanze antibayotiki? Unavuja pembeni, tuweke mnene zaidi? Ametolewa mpira tangu asubuhi na hajakojoa, tumrudishie? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, kuanzia mgonjwa anapopokelewa hadi anapokojoa mwenyewe. Umeandikwa kwa muuguzi anayeanza wodi ya mifupa, mwanafunzi aliye kwenye mafunzo kwa vitendo, na ndugu anayekaa na mgonjwa. Kuweka mpira ni kazi ya aliyefunzwa tu. Hatua za utunzaji zinamhusu kila anayemgusa mgonjwa.

Nadharia ni fupi. Kila siku mpira unapobaki ndani, uwezekano wa bakteria kukaa kwenye mkojo huongezeka kwa takriban asilimia 3 hadi 7, na ukikaa mwezi mzima karibu kila mgonjwa huwa nao. Bakteria hupanda kwa njia mbili: kwa nje, kati ya mpira na ngozi, na kwa ndani, kutoka kwenye mfuko. Wakishafika hujenga utando mtelezi juu ya mpira, na dawa haiupenyi vizuri. Hakuna sabuni, jeli wala antibayotiki inayoshinda kuutoa mpira mapema.

Mzee aliyevunjika nyonga ana mambo yake zaidi. Kumgeuza kunaumiza, hivyo wahudumu wanaogopa kumwekea choo cha kitandani na mpira unakuwa njia rahisi. Akili yake inaweza kuchafuka ghafla usiku, akauvuta. Na siku ya kwanza baada ya upasuaji anatakiwa asimame, huku mpira na mfuko vimemfunga kitandani kama kamba. Kwa hiyo tunasema wazi: anayetuliza maumivu ya nyonga vizuri anazuia pia madhara ya mpira wa mkojo.

KABLA YA KUANZA: JE, ANAUHITAJI?

Sababu zinazokubalika ni chache: mkojo umeziba na kibofu kimejaa, mgonjwa ni mahututi na mkojo wake lazima upimwe kila saa, upasuaji unatarajiwa kuwa mrefu, ana kidonda cha kulalia kilicho wazi karibu na makalio na mkojo unakilowesha, au maumivu ya kusogezwa hayavumiliki hata baada ya dawa kamili, naye anasubiri upasuaji.

Nepi kulowa si sababu. Uchache wa wahudumu si sababu. Kutaka sampuli ya mkojo kwa mtu anayeweza kukojoa si sababu. "Hapa kwetu wote wa nyonga huwekewa" si sababu kabisa, na ndiyo inayoleta madhara mengi kuliko zote.

Jaribu hizi kwanza: choo cha kitandani kile bapa, chenye ukingo mwembamba, kinachoingizwa bila kumnyanyua sana, kopo la mkojo kwa mwanamume, mpira wa nje unaovaliwa kama kondomu, kwa mwanamume ambaye mkojo wake haujaziba, nepi nzuri inayobadilishwa kwa ratiba. Muulize daktari kuhusu sindano ya ganzi ya kinena inayotia ganzi neva za nyonga. Mgonjwa aliyechomwa ganzi hiyo vizuri mara nyingi anaweza kunyanyuliwa kidogo na kuwekewa choo bila kupiga kelele, na haja ya mpira inaisha hapo hapo.

VIFAA

- Mpira wenye puto (linalojazwa maji ndani ya kibofu ili mpira usitoke), namba 12 au 14 kwa mwanamke na 14 kwa mwanamume; 16 kwa mwanamume ikiwa kuna sababu. Namba ukiigawa kwa 3 unapata unene kwa milimita, hivyo 14 ni karibu milimita 4.7. Chukua mwembamba kabisa unaotosha.
- Mpira wa ziada wa namba ile ile. Usianze na mmoja.
- Sirinji ya mililita 10 na maji ya sindano mililita 10 kwa ajili ya puto.
- Jeli ya steraili (isiyo na vijidudu) yenye ganzi ya lignokeni: mililita 10 hadi 15 kwa mwanamume, karibu 6 kwa mwanamke. Uliza kwanza kama ana mzio wa lignokeni au wa mpira asilia; mwenye mzio wa mpira asilia awekewe wa silikoni.
- Glovu za steraili jozi mbili, kitambaa cha steraili, pamba au shashi, maji ya chumvi ya steraili.
- Mfuko wa mkojo wa lita 2 wenye bomba la kumwagia na sehemu ya kuchukulia sampuli.
- Kishikizo cha mpira cha pajani, au plasta isiyochubua ngozi.
- Taa, mito miwili, na msaidizi mmoja. Msaidizi si hiari kwa mgonjwa wa nyonga.

Onyo moja kabla ya kufungua pakiti: soma urefu. Kuna mipira mifupi iliyotengenezwa kwa ajili ya wanawake. Ukiiweka kwa mwanamume, puto litafunguka ndani ya njia ya mkojo badala ya kibofu, na litampasua.

HATUA

1. Andika sababu na siku ya kuutoa. Fanya hivi kabla ya kufungua pakiti. Kwa mgonjwa wa kawaida wa nyonga, siku hiyo ni asubuhi ya kwanza baada ya upasuaji, au ya pili ikichelewa. Mpira usio na tarehe ya kutoka husahaulika, hasa mgonjwa anapohamishwa kutoka mapokezi kwenda wodini na kila upande ukadhani mwingine anajua.

2. Tuliza maumivu, kisha subiri. Dawa ya kunywa inahitaji karibu nusu saa hadi saa nzima ifanye kazi. Ya mshipani ni dakika chache. Ukiwahi, atakaza misuli, utashindwa kuona unakoelekea, na utamuumiza sehemu mbili kwa mpigo.

3. Mlaze bila kuugusa mguu uliovunjika. Hapa ndipo wageni wanapokosea, kwa sababu walichofundishwa ni kukunja magoti yote mawili na kuyatanua. Kwa nyonga iliyovunjika usifanye hivyo. Mlaze chali. Mguu uliovunjika uache ulivyo, umeegemezwa kwenye mto, na kama umefungiwa uzito wa kuuvuta usiunyanyue wala kuufungua. Kunja goti la mguu mzima peke yake na uliegemeze nje. Msaidizi alishike, huku mkono wake mwingine ukituliza mguu ulioumia. Taa itoke upande wa miguuni.

Kama goti zima nalo limekakamaa kwa baridi yabisi, msaidizi wa pili anahitajika: mgeuzeni kidogo alalie upande mzima, mguu uliovunjika ukiwa juu ya mito miwili ili usianguke ndani, na mfanye kazi kutokea nyuma. Njia hii ifanyike tu akiwa amepata ganzi au dawa ya kutosha. Baada ya upasuaji wa kuwekewa nyonga bandia, fuata makatazo ya daktari wa mifupa. Mara nyingi ni kutokunja nyonga kupita nyuzi 90 na kutovusha mguu upande wa pili.

Mweleze kwa sauti anayoisikia: "Bibi, tunakuwekea mpira wa kutoa mkojo. Utahisi kubanwa kidogo. Mguu hatutaugusa." Neno hilo la mwisho ndilo linalomlegeza.

4. Nawa, vaa glovu, safisha. Kwa mwanamke futa kutoka mbele kwenda nyuma, shashi moja kwa mfuto mmoja. Kwa mwanamume rudisha govi nyuma kama lipo, futa kuzunguka tundu kwenda nje. Maji ya chumvi ya steraili yanatosha. Vua glovu, takasa mikono, vaa jozi ya pili.

5. Weka jeli na usubiri dakika 3 hadi 5. Wengi huipaka kwenye mpira na kuingiza papo hapo. Ganzi haijafanya kazi, na jeli haijatandaa ndani. Iingize kwenye njia ya mkojo yenyewe, kisha angalia saa.

6. Ingiza. Kwa bibi mzee, tundu la mkojo mara nyingi halionekani pale vitabu vinapolichora. Ngozi imesinyaa, na tundu limeingia ndani, kwenye ukuta wa juu wa uke. Tanua kwa vidole viwili, vuta kidogo kwenda juu, tafuta polepole. Mpira ukiingia ukeni usiutoe: uache hapo kama alama, kisha tumia mpya juu yake. Mkojo ukianza kutoka, baada ya sentimita 5 hivi au zaidi kidogo, endelea kusukuma sentimita nyingine 3 hadi 5 ili puto lipite shingo ya kibofu.

Kwa mwanamume nyoosha uume wima, sukuma taratibu. Ukikwama karibu na tezi dume, mwambie avute pumzi ndefu au ajaribu kama anayetaka kukojoa. Shikilia msukumo mdogo usiobadilika. Usilazimishe. Sukuma mpira wote mpaka kwenye njia panda yake, pale unapogawanyika, hata kama mkojo umeanza kutoka mapema. Ukishindwa mara mbili, acha na umwite mwenye uzoefu zaidi. Jaribio la tatu la mkono ule ule ndilo linalotoboa njia ya uongo, nje ya njia ya mkojo yenyewe.

7. Jaza puto baada tu ya kuona mkojo. Tumia maji ya sindano kwa kiasi kilichoandikwa kwenye vali (mdomo wa kujazia puto), kwa kawaida mililita 10. Maji ya chumvi yanaweza kuganda fuwele na kuziba mfereji wa puto. Hewa hulifanya puto lielee. Akilalamika maumivu unapojaza, simama, vuta maji yote, ingiza mpira zaidi, jaza upya. Kisha uvute polepole mpaka uhisi umeegama.

8. Rudisha govi mahali pake. Sekunde mbili. Ukisahau, govi linabana kama pete, kichwa cha uume kinavimba, na hiyo ni dharura.

9. Fungia kwenye paja zima. Si lile lililovunjika, kwa sababu huko kuna uvimbe, kidonda, na mikono ya watu wa mazoezi ya viungo kila siku. Acha mpira ulegee kidogo ili akijinyoosha usivutike. Kwa mwanamume unaweza kuufungia chini ya tumbo. Bomba lipite juu ya paja, kamwe si chini yake: mzee asiyeweza kujigeuza akililalia usiku mmoja, linamchora kidonda na mkojo unasimama.

10. Pima mkojo wa kwanza na uuandike. Kiasi hiki ni ushahidi. Ukitoka mwingi, zaidi ya mililita 500, ujue kibofu kilikuwa kimezidiwa na kukirudisha kwenye kazi kutahitaji uangalifu. Hakuna haja ya kuubana mpira kila nusu lita. Acha utoke wote, lakini pima presha na uangalie damu. Mkojo ukiendelea kutoka zaidi ya mililita 200 kwa saa, saa mbili mfululizo, mwambie daktari, maana anaweza kuishiwa maji na chumvi.

11. Mfuko: chini ya kibofu, juu ya sakafu. Uning'inie kwenye fremu ya kitanda, upande ambao mgonjwa atashukia. Anapopelekwa eksirei au chumba cha upasuaji, watu huuweka tumboni kwake juu ya shuka, na mkojo wa zamani unarudi kibofuni. Kama ni lazima upande juu kwa muda, bana bomba, hamisha, kisha ondoa bano papo hapo. Usiutenganishe mpira na mfuko kwa sababu yoyote ndogo. Kila unapofungua maungio hayo umefungua mlango.

12. Mwaga ukifika theluthi mbili, au kila saa 8. Mfuko mzito huvuta mpira na kuumiza shingo ya kibofu. Kila mgonjwa awe na chombo chake cha kumwagia. Glovu mpya, futa bomba la kumwagia kwa spiriti kabla na baada, lisiguse chombo. Kutembea na ndoo moja kitanda hadi kitanda ni kugawa bakteria.

13. Osha kwa maji na sabuni ya kawaida mara moja kwa siku na kila baada ya haja kubwa. Anza kwenye tundu, shuka kwenye mpira, usirudi nyuma. Dettol, iodini, poda na krimu za antibayotiki hazisaidii hapa, zinachubua.

14. Maji na choo. Kama daktari hajazuia kwa sababu ya moyo au figo, lengo ni lita 1.5 hadi 2 kwa siku, kwa kikombe kidogo kila saa. Mkojo usipungue nusu mililita kwa kila kilo ya uzito kwa saa: mzee wa kilo 50 atoe angalau mililita 25 kwa saa, yaani 200 kwa saa 8. Dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile anapoanza mofini au tramadoli. Choo kigumu kilichojaa kwenye utumbo wa mwisho kinabana njia ya mkojo. Kinafanya mpira uvuje leo, na kinamzuia kukojoa kesho ukishatolewa. Hili linapuuzwa mno.

15. Kila asubuhi uliza swali moja: sababu iliyoandikwa bado ipo? Kama haipo, mpira utoke leo. Si baada ya raundi kuu, si Jumatatu. Ikiwa wodi yako inaruhusu muuguzi kuutoa kwa vigezo vilivyokubaliwa, tumia ruhusa hiyo.

16. Utoe asubuhi na mapema. Saa 12 asubuhi ni wakati mzuri, kwa sababu akishindwa kukojoa mtagundua mchana watu wakiwapo. Usiubane na kuufungua kwa zamu siku moja kabla ili "kuzoeza kibofu". Hakuna faida iliyothibitishwa kwa matumizi ya siku chache, na bano lililosahaulika hujaza kibofu mpaka kinalegea. Unganisha sirinji kwenye vali, acha maji yarudi yenyewe, hesabu kama yametimia 10, kisha uvute polepole akitoa pumzi.

17. Fuatilia saa 6 zinazofuata. Hatua hii ina uzito kuliko ile ya kuuweka. Mnyweshe kawaida, usimjaze maji kwa haraka. Mpeleke akae kwenye kiti cha choo au asimame na kopo. Wazee wengi hawawezi kukojoa wakiwa wamelala chali, hata mtu mzima mwenye afya ni shida. Mpe faragha. Pima kila anachokojoa, kisha pima kilichobaki kibofuni kwa mashine ya altrasaundi kama ipo. Kama haipo, gusa na ugonge chini ya kitovu, lakini usiamini mkono wako sana kwa mgonjwa mnene.

Mabaki chini ya mililita 200 kwa mzee ni sawa. Kati ya 200 na 400, mpe muda, akojoe tena, pima tena baada ya saa 2 hivi. Yakizidi 400, au akiumia, au saa 6 zimepita bila kitu, mtoe mkojo kwa mpira wa mara moja usio na puto, kisha umpe nafasi nyingine. Wodi yako ikiwa na viwango vyake, fuata hivyo. Tunasisitiza wa mara moja kabla ya kurudisha ule wa kudumu (wenye puto, unaobaki ndani), kwa sababu kibofu hurudi kazini mapema zaidi kikiachwa kijae na kumwagwa kama kawaida.

MAKOSA YANAYORUDIWA

Kupima mkojo kwa kijiti kinachobadilika rangi kwa mgonjwa mwenye mpira, kisha kutibu rangi. Kijiti karibu kila mara kitaonyesha chembe nyeupe za damu, maana bakteria wapo. Bakteria bila dalili hawatibiwi. Antibayotiki isiyo na sababu humletea mzee kuhara, na huchagua bakteria sugu watakaomsumbua siku ya ugonjwa wa kweli.

Kuchukua sampuli kwenye mfuko. Mkojo wa mfukoni ni supu ya vijidudu vya tangu jana. Tumia sehemu ya sampuli kwenye bomba, iliyofutwa kwa spiriti. Kama mpira una zaidi ya siku 7 na mgonjwa anaumwa kweli, utoe au uubadilishe kwanza, ndipo uchukue mkojo mpya.

Kutoa antibayotiki "ya kinga" kwa sababu tu mpira upo. Kusukuma maji kibofuni kila siku ili "kusafisha". Kumfunga mikono mzee aliyechanganyikiwa ili asivute mpira, badala ya kuuliza kama mpira wenyewe ndio unaomchanganya. Na kosa la kimya kimya kuliko yote: kusema "atolewe akishaanza kutembea". Ni kinyume. Atolewe ndipo aanze kutembea.

IKITOKEA HIVI

Mkojo hauteremki mfukoni. Fuata bomba kwa vidole kutoka kwenye paja hadi mfukoni: limepinda, amelilalia, mfuko uko juu, au bano limesahaulika? Angalia choo kigumu. Gusa kibofu. Kama kimejaa na bomba liko sawa, mpira umeziba, kwa damu iliyoganda au chumvi, ubadilishe. Kama kibofu ni kitupu, basi tatizo ni maji mwilini au figo, na hilo ni la daktari sasa hivi, hasa mzee aliyetoka upasuaji.

Unavuja pembeni. Usiweke mnene zaidi. Mara nyingi kibofu kinajikunja kwa kuudhiwa na mpira au puto kubwa, au choo kigumu kinabana. Ondoa mpindo, tibu choo, hakikisha puto lina mililita 10 na si 30. Mpira mnene unaongeza mikazo na kutanua njia, na uvujaji unazidi.

Anasema anataka kukojoa na mpira upo. Hakikisha kwanza haujaziba. Kama mkojo unateremka, ni mkazo wa kibofu. Mweleze, legeza kishikizo, na uliza tena swali la hatua ya 15.

Ameuvuta na puto likiwa limejaa. Tazama kama puto limetoka zima. Kandamiza taratibu kwa shashi kama damu inatoka tunduni, mwite daktari, na usirudishe mpira papo hapo kwa nguvu, maana njia inaweza kuwa imechanika. Mara nyingi jibu ni kumfuatilia akojoe mwenyewe. Kwa walio na dalili za kuchanganyikiwa, pitisha bomba ndani ya nguo lisionekane, mpe miwani na kifaa chake cha kusikia, na mwondolee maumivu.

Puto halitoi maji. Usikate mpira, utarudi ndani. Unganisha sirinji mpya, iache dakika kadhaa ijivute yenyewe, mgeuze kidogo, ongeza mililita 1 hadi 2 za maji kisha jaribu tena. Ikishindikana, mwite daktari wa mkojo.

Mfuko umegeuka zambarau. Ndugu huogopa sana. Hutokea zaidi kwa bibi mzee aliyefunga choo: bakteria fulani hubadilisha mabaki ya chakula yaliyopita kwenye utumbo na kuingia kwenye mkojo yawe rangi ya buluu na nyekundu, na plastiki inaishika. Rangi yenyewe haina sumu. Tibu choo, badilisha mfuko, na uutoe mpira kama unaweza.

Hawezi kukojoa mara ya pili baada ya mpira wa mara moja. Pitia dawa zake: mofini, tramadoli, amitriptilini, dawa za mafua na mzio kama klofeniramini, haiosini. Tazama choo. Kwa mwanamume, daktari anaweza kuanzisha tamsulosini, dawa ya kulegeza njia ya mkojo, na hapo msimamishe kwa uangalifu kwa sababu presha inaweza kushuka akisimama. Ikibidi mpira wa kudumu urudi, andika tarehe mpya ya jaribio, siku chache mbele.

Mwite daktari bila kungoja zamu nyingine ukiona: joto la 38 au zaidi, au chini ya 36, kutetemeka kwa baridi, presha kushuka, kupumua haraka, kuchanganyikiwa kupya, maumivu ya ubavu, damu nyingi au mabonge ya damu kwenye mkojo. Mzee anaweza kuwa na sumu ya maambukizi mwilini bila homa hata kidogo. Wakati mwingine dalili pekee ni kwamba jana alikuambia jina lake na leo anakutazama tu.

AKIRUHUSIWA AKIWA BADO NA MPIRA

Ndugu waondoke na karatasi yenye mambo manne: namba ya mpira na kiasi cha puto, siku ulipowekwa, kwa nini bado upo, na tarehe ya kurudi kujaribu kuutoa. Mfuko wa mguuni uvaliwe kwenye mguu mzima, mikanda isikaze hadi kuacha alama, na ubadilishwe kila siku 5 hadi 7. Usiku uungwe mfuko mkubwa chini yake bila kuutoa ule mdogo. Waonyeshwe kumwaga na kuosha kwa mikono yao wenyewe, mbele ya muuguzi, kabla ya kutoka. Na waambiwe wazi kwamba mkojo kunuka peke yake si sababu ya kwenda duka la dawa kununua antibayotiki. Homa, kutetemeka au kuchanganyikiwa ni sababu ya kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.